Majivu ya Shemeji

Mtaani walimwita Bi Hajafiwa, na jina lenyewe lilikuwa kichekesho, kwa sababu mume alimfia, mbuzi wawili walimfia wiki moja, na hata redio yake ilikata roho katikati ya taarifa ya habari. Ila mche haukuwahi kumfia. Miaka ishirini na sita alikuwa anaotesha miche kwenye kitalu chake nyuma ya nyumba, chini ya wavu mweusi uliotoboka toboka, na hakuna mteja aliyewahi kurudi na kiriba, kimfuko cha mche, mkononi akisema, "Bibi, huu umekufa." Watu walipiga chuku juu ya mkono wake. Walidai siku moja aliegemeza ufagio ukutani akausahau, na kulipokucha ufagio umeota majani matatu. Yeye hakukanusha. Akiulizwa, alijibu tu, "Yalikuwa manne. Moja lililiwa na mbuzi."

Sasa mtu wa namna hiyo aamke asubuhi, abebe ndoo yake kwenda kumwagilia, akute mipera mia tatu imegeuka njano.

Haikunyauka. Ingenyauka angejua la kufanya: angeisogeza kivulini, angeizidishia maji, angeisema mpaka ione haya. Hii ilisimama wima kama askari waliokatazwa kupumua. Mishipa ya jani ilibaki kijani, lakini nyama ya jani katikati ya mishipa ilipauka kama uso wa mtu aliyetoka kutapika. Kule juu, mahali ambapo jani jipya lingechungulia, ncha zilikuwa zimekauka na kuwa nyeusi kama njiti ya kiberiti iliyozimwa. Na kimo! Miezi miwili tangu iote, mipera ilikuwa urefu wa kidole cha kati, wala haikuonyesha nia ya kuzidi hapo.

Bi Hajafiwa alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akafanya jambo ambalo hakumsimulia mtu kwa muda mrefu. Aliihamisha ile ya njano, kiriba kwa kiriba, akaificha nyuma ya pipa la maji, na miche mizuri ya zamani akaipanga mbele kama meno ya dhahabu.

Arobaini kati ya mipera hiyo ilikuwa ya chekechea ya mtaa. Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye sauti ya kuweza kusimamisha lori, alikuwa ameiomba kwa ajili ya bustani mpya ya watoto. Bi Hajafiwa kwa ufahari wake hakuahidi miche tu. Alipeleka na udongo wake mwenyewe, mikokoteni minne, ule ule aliouchanganya kwa mikono yake. Matuta yalikuwa tayari. Yalizungushiwa kamba, yakamwagiliwa, yakasubiri. Siku ya kupanda ilikwisha kupangwa: Jumatatu ya wiki ya nane ya muhula, saa mbili asubuhi, wazazi wote wawepo, na kila mtoto achimbe shimo lake kwa mikono.

Mtoto mmoja kati ya hao alikuwa Kifungo, binti wa shemeji yake aliyeishi upande wa pili wa ukuta. Alipewa jina hilo kwa udogo wake. Alikuwa na miaka minne lakini mgeni angesema miwili na nusu. Mama yake alishinda sokoni akiuza nguo, hivyo mtoto alishinda uani kwa baba yake, na akichoka huko aliruka ukuta mfupi akaja kwa Bi Hajafiwa, ambaye yeye mtoto alimwita Ma'mkubwa, maana marehemu mume wa bibi alikuwa kaka mkubwa wa babake.

"Ma'mkubwa, kwa nini miti yako imekaa nyuma ya pipa?"

"Inacheza kujificha. Usiisemeshe, itashindwa."

Siku za kwanza alishuku maji. Akabadilisha bomba. Akashuku jua, akashona wavu. Akashuku wadudu, akapiga magoti na kugeuza kila jani, hakuona hata yai. Akamshuku jirani wa kushoto mwenye kijicho, halafu paka wa jirani huyo, halafu akajishuku mwenyewe, kwamba mkono umezeeka. Hilo la mwisho lilimkosesha chakula siku mbili.

Mamamkwe wake ndiye aliyemfundisha kazi. Naye hakujua kusoma, lakini alikuwa na utaratibu wake: mche ukigoma, usiwaulize watu, uulize mche wenyewe, na uuulize jambo moja tu kwa wakati mmoja. Basi Bi Hajafiwa akauliza. Udongo wa kitalu chake ulikuwa na vitu vinne: udongo wa juu, mchanga, samadi na majivu. Majivu kidogo, ili siafu wasisumbue na udongo usichachuke. Akapanda mbegu mpya za mpera katika viriba ishirini na nne, mafungu manne, na katika kila fungu akaondoa kitu kimoja. Kwa kuwa hakuandika, aliyafunga vitambaa. Chekundu hakuna mchanga. Buluu hakuna samadi. Cheupe udongo wa juu umetoka kwingine. Na kile cha maua, kilichochanwa kwenye pazia la zamani, hakuna majivu.

Wiki ya tano jibu likaja, na halikuhitaji miwani. Mafungu matatu yalikuwa mafupi, ya njano, yamedumaa. Fungu la pazia lilikuwa kijani cha kutia aibu, majani sita sita, linapepea.

Alichana kiriba kimoja chenye kitambaa chekundu, akaosha mzizi kwenye beseni. Mzizi wa mpera mzima huwa na nywele nyeupe nyingi, laini, kama ndevu za mzee asiyejipenda. Huu ulikuwa kisiki cha kahawia, mnene, mfupi, umekatika ncha, hauna unywele hata mmoja. Mche ulikuwa umesimama ndani ya maji, na hauna kinywa cha kuyanywea.

"Majivu?" alijisemea. "Miaka ishirini na sita natia majivu."

Halafu akakumbuka. Mwaka huo mwanawe alimnunulia jiko la gesi. Jiko la gesi halitoi majivu. Kwa hiyo tangu mwanzo wa mvua alikuwa anachota majivu upande wa pili wa ukuta, kwa shemeji, debe baada ya debe. Na yale majivu yalikuwa mazito ajabu. Debe moja lilimtoa kijasho, akawa anapumzika njiani mara mbili, akasema moyoni, sasa nimezeeka kweli.

Shemeji alikuwa mtu wa betri. Alinunua betri za magari zilizokufa, akazipasua kwa shoka, akamwaga maji yake makali kwenye mtaro, akayatoa mabamba ya ndani na kuyayeyusha kwenye karai juu ya moto wa matairi mabovu. Kilichoyeyuka alikimimina kwenye makopo kikaganda na kuwa matofali madogo ya risasi. Risasi ya betri, si ya bunduki. Kilichobaki kwenye karai na kwenye meko kilikuwa majivu.

"Shemeji," Bi Hajafiwa alimwita juu ya ukuta, "haya majivu unayonipa ni ya nini?"

"Ya jikoni kwangu."

"Jikoni kwako mnapika nini?"

"Betri, shemeji. Leo tumezikaanga, kesho tutazitia nazi. Karibu."

"Sitanii."

"Kama hutanii nenda kapumzike. Majivu ni majivu. Moto ukishapita, ubaya wote umeungua. Au kitalu kimekushinda unatafuta mchawi?"

Kifungo alikuwa amekaa juu ya gunia la majivu hayo hayo, miguu inaning'inia, analamba vidole.

Kesho yake Bi Hajafiwa alimtafuta bwana shamba, kijana mwembamba mwenye mkoba uliokatika mkanda, akampa kiriba cha njano, kiriba cha pazia na mfuko wa majivu. Bwana shamba alisema atavipeleka maabara. Siku zikaenda. Mwalimu mkuu alipita Alhamisi akipiga kelele toka barabarani, "Bibi! Jumatatu hiyo! Mipera yangu haijambo?" Bi Hajafiwa akamjibu, "Haijambo, inakusalimu," huku amesimama mbele ya pipa na mikono kiunoni ili kulifunika vizuri. Alikuwa na mipera mingine mizima ya kumpa. Hilo halikumtisha. Aliamini kosa lake ni aibu tu, na aibu yenyewe imejificha nyuma ya pipa.

Jumamosi saa nne bwana shamba akarudi. Hakuketi.

"Mama, haya majivu umeyatoa wapi?"

"Kwanza salamu."

"Shikamoo. Umeyatoa wapi?"

Akamweleza. Bwana shamba akafuta jasho kwa karatasi ile ile ya majibu. Akasema ni risasi, na madini mengine madogo madogo yanayofuatana nayo, kwa wingi ambao maabara walipima mara mbili wakidhani mashine imeharibika. Moto hauiunguzi. Maji hayaiozeshi. Ikiingia kwenye udongo, imehamia.

"Mche hauijui, mama. Unaifungulia mlango ukidhani ni chakula. Inaunguza zile nywele za mzizi kwanza. Halafu inakalia nafasi ya vitu vinavyolifanya jani liwe kijani. Jani likikosa kijani halipiki, na lisipopika mche unakaa na njaa juani mchana kutwa. Kwa macho yako unauona uko hai. Kukua ndiko umekwisha kuacha."

"Na mtu je?"

Bwana shamba alitazama chini. "Mtu mzima huumwa taratibu. Mtoto ni mche. Inaingia kwa vumbi, kwa vidole, kwa mdomo. Inakaa kwenye damu na mifupa. Anadumaa, anaumwa tumbo, maneno yanachelewa. Udongo huu uko wapi tena, mbali na hapa?"

Bi Hajafiwa alinyoosha kidole upande wa chekechea. Mikokoteni minne. Matuta yenye kamba. Watoto arobaini na mikono yao.

"Ofisi imefungwa mpaka Jumatatu," bwana shamba alisema aliposikia. "Nikiandika ripoti Jumatatu asubuhi, itafika mchana."

"Watapanda saa mbili."

"Ndiyo maana nakuambia wewe. Usiache mtu aushike mkavu. Lowesheni kwanza, vumbi lisipae. Mimi nakimbia kumtafuta mtu wa afya nyumbani kwake."

Mkoba ukaondoka unapigapiga goti lake. Na kabla Bi Hajafiwa hajavaa viatu, kichwa cha shemeji kilitokeza juu ya ukuta. Alikuwa amesikia yote.

"Shemeji, usiende."

"Nisiende kwa nini?"

"Badilisha udongo Jumanne, kimya kimya, mimi mwenyewe nitabeba. Ukisema leo mbele ya wazazi, watakuja kunivunjia hapa. Ndiyo kazi niliyonayo. Na wewe je? Hajafiwa wa nani tena? Utauza mche kwa nani?"

Alikuwa amegusa mahali penyewe. Bi Hajafiwa alisimama na kiatu kimoja mguuni. Akaona kitalu kitupu, wateja wakipita upande wa pili wa barabara, mtoto wa mtu akimnyooshea kidole. Akahesabu siku: leo, kesho, Jumatatu. Angeweza kumwambia mwalimu kwamba anaumwa, shughuli isogezwe. Uongo ungemtoka bila kusukumwa; alikuwa na akiba.

"Kifungo yuko wapi?" aliuliza.

"Chekechea. Wanafanyishwa mazoezi ya wimbo wa Jumatatu."

Bi Hajafiwa alinyakua kiriba kimoja cha njano nyuma ya pipa na kutoka mbio. Miaka sitini na tisa, kiatu kimoja. Shemeji aliruka ukuta akamfuata, akiita, "Shemeji! Shemeji, tuongee!" na watu mtaani wakacheka, wakidhani ni ugomvi wa urithi.

Uwanja wa chekechea ulikuwa umejaa. Kina baba walikuwa wanapaka chokaa kwenye mawe, kina mama wanafagia, mwalimu mkuu amepanda kiti anaelekeza. Wimbo ulikuwa umekwisha na watoto wameachiwa wacheze. Sita au saba walikuwa tayari wameruka kamba, wamechuchumaa kwenye tuta la kwanza.

"Bibi!" mwalimu mkuu alishangilia. "Umeleta mfano?"

"Watoe watoto."

"Eti?"

"Watoe watoto kwenye udongo! Una sumu! Nimeuchanganya mwenyewe, una sumu!"

Fagio zikasimama. Kisha baba mmoja mwenye brashi ya chokaa akaangua kicheko. "Bi Hajafiwa! Jana ufagio uliota majani, leo udongo unauma watu. Kesho?"

Wengine wakacheka naye. Hata mwalimu mkuu akatabasamu, akitikisa kichwa. Hapo ndipo alipojua bei ya uongo wote aliouuza kwa miaka ishirini na sita: siku aliyokuja na ukweli, hakuna aliyeupokea. Akachana kiriba kwa meno, akakung'uta udongo, akauinua mzizi juu ya vichwa vyao.

"Tazameni! Nimekuwa naificha nyuma ya pipa. Mia tatu! Imenifia, mnasikia? Imenifia yote!"

Kicheko kikapungua. Lakini hakuna mtu aliyesogea, kila mmoja anamtazama mwenzake, na kwenye tuta la kwanza Kifungo alikuwa amekanda udongo wa maji akatengeneza keki nzuri ya duara. Akaipuliza, kama imetoka jikoni. Akaipeleka mdomoni.

"Tema!"

Sauti haikuwa ya Bi Hajafiwa. Shemeji alivuka kamba kwa hatua moja, akamkwapua mtoto, akaingiza kidole kinywani mwake, akachokoa, akamfuta ulimi kwa shati. Mtoto akalia. Baba mtu akamwinua begani.

"Ni majivu yangu," aliwaambia wote. "Ya betri. Bibi aliniuliza nikamcheka. Ondoeni watoto, jamani."

Baada ya hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu mkuu alishuka kitini, na sauti yake ikapata kazi ya maana: watoto wote bombani, mikono na nyuso, sabuni, kucha, tena. Wazazi wakamwagia matuta maji mpaka yakawa tope. Upepo ulikuwa unaanza, na Bi Hajafiwa alikimbia kutoka tuta hadi tuta na ndoo, akitazama kila sehemu inayokauka kama mama anayelinda maziwa yasichemke yakamwagika. Wakafunga nguo puani, wakachukua mabeleshi, wakajaza magunia. Yule wa chokaa alichimba kuliko wote na hakumtazama bibi usoni. Mtu wa afya alifika na bwana shamba saa kumi, akasimamia mpaka shimo la mwisho, na Jumapili gari likaja kubeba magunia: ya chekechea, ya kitaluni, ya uani kwa shemeji. Mipera mia tatu nayo ikaondoka. Bi Hajafiwa aliipandisha garini mwenyewe, moja moja.

Watoto wote walipimwa damu. Wengi walikuwa salama, kwa kuwa matuta yalikuwa yamezungushiwa kamba. Kifungo hakuwa salama. Risasi yake haikutoka kwenye keki moja. Ilitoka kwenye gunia alilokalia tangu ajifunze kukaa. Daktari alimpa dawa, akataka arudishwe kila mwezi, na akasema wazi kwamba kilichokwisha kupotea hawezi kukiahidi.

Shemeji aliyazima meko yake mwenyewe siku ile ile, kabla mtu hajaja kuyazima. Sasa anasukuma mkokoteni wa kitalu, analalamika kwamba samadi inanuka kuliko betri, na Bi Hajafiwa humjibu kwamba harufu haijawahi kumdumaza mtu. Wateja walipotea kweli, miezi mitano. Halafu wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wakiuliza jambo ambalo zamani hawakuliuliza: "Bibi, udongo umetoka wapi?" Naye huwaonyesha. Jina wamelipunguza, wanamwita Bi Amefiwa. Anaitika.

Msimu uliofuata mipera ilipandwa chekechea, kwenye udongo uliopimwa. Kila miezi mitatu Bi Amefiwa humsimamisha Kifungo kando ya mmoja wao, anafunga kitambaa cha pazia mahali mti ulipofikia, na kingine kwenye mwimo wa mlango mahali alipofikia mtoto. Mpera hauna huruma. Mara ya kwanza ulimpita kwa kichwa, mara ya pili kwa mkono mzima. Kitambaa cha mlangoni hakikuwa kimesogea.

Mara ya tatu shemeji alishindwa kutazama, akageukia barabarani.

"Simama vizuri," Ma'mkubwa alisema. "Visigino chini. Chini kabisa, nakujua."

"Viko chini."

Aliinama, akakagua visigino. Akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, akakisogeza mpaka kwenye mwimo, akatazama kitambaa cha zamani, akatazama kiganja.

Jioni mtaa mzima ulitaka kujua. Walimsubiri kibarazani, wakijua wamekaa mbele ya mtu aliyeotesha ufagio, tayari kupunguza nusu ya atakalosema.

"Kidole kimoja," alisema, na hakuongeza hata ukucha.